Picha ya Saa Sita Usiku

Jamani, nyumba ile ilikuwa na amani. Nasema hivyo mimi niliyepakana nao, tena kwa ukuta mwembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya upande wao, mimi huku namwambia afya. Jioni ungesikia cherehani ya mke ikikimbia, mtoto wao wa kike akisoma kwa sauti, na mume akirudi kazini anapiga mluzi. Mume tulimwita Baridi, si kwa tabia, ni kwa kazi: alikuwa fundi wa majokofu kwenye ghala la nyama. Mke alishona mapazia. Aliyashona vizuri hata wenye nyumba kubwa walimfuata kwenye chumba chake kimoja na sebule, wamekumbatia vitambaa vyao.

Mwishoni mwa mwaka Baridi akanunua kamera ya dijitali. Ilikuwa ya bei rahisi, ya plastiki, yenye kioo kidogo nyuma na kamba ya kuvaa mkononi. Sicheki, maana ilikuwa ya kwanza katika ukoo wao mzima. Alipiga kila kitu: mtoto akipiga mswaki, majokofu aliyoyafufua, hata paka wangu bila kuniomba ruhusa. Tulifurahi pamoja naye.

Tatizo lilikuwa betri. Kamera ile ilikuwa na njaa ya betri, na betri nzima mle ndani zilikuwa mbili tu, ambazo redio nayo ilizitaka. Basi jioni zikaingia kwenye redio kwa ajili ya mpira, asubuhi zikarudi kwenye kamera. Kila ziliporudi, kamera ilikuwa imesahau siku na saa, ikaomba ipangiwe upya. Baridi, fundi mzima, hakuwa na subira ya kuipangia. Akamfundisha na mkewe: "Ikianza kukuuliza maswali usihangaike nayo. Bonyeza tu kile kitufe cha katikati."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu balaa lilianzia hapo. Ukiibonyeza kamera ile bila kuipangia, inaanza kuhesabu upya kutoka tarehe moja mwezi wa kwanza, saa sita usiku. Na kila picha inaiandikia pembeni, kwa rangi ya chungwa, siku, mwezi na saa. Mwaka haiandiki. Unapiga picha jua la utosi, yenyewe inakuapia kwamba ni usiku wa kuamkia mwaka mpya.

Mwezi wa pili mama yake Baridi akaja kuwatembelea. Siku moja mchana akaingia fundi sofa wa mtaa wa pili, kwa kuwa yeye na mke wa Baridi walikuwa na mteja mmoja. Yeye viti, mke mapazia. Wakataka picha ya mapazia mapya ili wawaonyeshe wateja wengine. Mke akatoa betri kwenye redio, akatia kwenye kamera, ikauliza maswali, akabonyeza kitufe cha katikati kama alivyofundishwa. Mapazia yakafungwa yaonekane vizuri, chumba kikawa giza.

"Leteni nami nipige," akasema bibi, yaani mama yake Baridi. "Mnadhani mimi ni wa zamani sana?"

Akaishika kamera kinyume, akachungulia upande wa mbele, akabonyeza. Akaipiga pua yake mwenyewe. Fundi sofa na mke wakacheka mpaka wakashikana mabega, na bibi akaigeuza haraka akawapiga hivyo hivyo wanavyocheka. Kicheko kile nilikisikia ukutani, nami nikacheka bila kujua sababu. Baada ya siku chache bibi akarudi kwao, na hakuna aliyeikumbuka picha.

Hakuna, mpaka siku Baridi alipoipeleka kamera kazini kuwaringia wenzake.

Mwenzake mmoja akaishika, akavutika na kitu. "Huyu si fundi sofa? Yuko kwako?"

"Wapi?" Baridi akasogea.

"Hebu ngoja. Tarehe moja mwezi wa kwanza, saa sita usiku. Baridi, usiku ule si tulikuwa wote hapa? Si ndiyo mitambo ilizimika tukakesha na nyama?"

Kweli walikesha. Kisha mmoja, kwa ujinga wake, akacheka. Mimi nasema kicheko kile ndicho kilichoivunja nyumba ya jirani yangu, maana mwanamume anaweza kuvumilia shaka, lakini kuchekwa na wenzake hawezi.

Siku hiyo sikusikia mluzi. Nilisikia mlango.

"Huyu nani?"

"Fundi sofa. Si unamjua?"

"Namjua. Anatafuta nini ndani kwangu saa sita usiku?"

"Saa sita ipi, baba? Alikuja mchana kuangalia mapazia."

"Mchana, na mapazia yamefungwa!"

"Pazia usipolifunga utalionaje? Tena aliyepiga hiyo picha ni mama."

"Mama yupi?"

"Mama yako."

Hapo Baridi akacheka kicheko kibaya. "Mama alikuja hapa mwezi wa pili. Hii ni tarehe moja, mwezi wa kwanza. Hata uongo hujui kuupanga."

Nikaweka sikio ukutani, na msinicheke, nanyi mngeweka.

"Nipe kamera," mke akasema. "Kuna nyingine kabla ya hiyo. Nipe nikuonyeshe."

"Ili uifute? Unaniona mjinga?"

"Nipe mara moja tu, mume wangu!"

Nikasikia viti vikisukumwa, kisha ukelele, kisha mtoto akalia. Nilipoingia, nilimkuta mke amelikumbatia dole gumba lake la kulia kifuani. Alikuwa ameikamata kamba ya kamera, ikajiviringa kidoleni, mumewe akavuta kwa nguvu zake zote. Baridi alisimama ameinua kamera juu ya kichwa, kama mtu anayemficha mtoto mkate. Ndugu zangu, kitufe cha kurudisha picha nyuma kilikuwa chini ya kidole chake. Angekigusa mara moja tu, angekutana na pua ya mama yake mzazi.

Hakukigusa. Kaka wa mke akaja kumchukua dada yake na mtoto. Kidole kilifungwa plasta, na mshona mapazia asiye na dole gumba atakata kitambaa na nini? Wateja wakavumilia kidogo, wakaenda kwingine. Fundi sofa naye akawa hana raha kwake wala mtaani.

Baridi akazunguka na kamera yake, anaonyesha picha moja ile ile kwa ndugu na rafiki, na hakumwachia mtu aishike. Nilimkabili mlangoni kwake.

"Baridi, picha haijipigi. Kamera alishika nani?"

"Zipo za kutegesha, zikajipiga zenyewe. Waliiweka juu ya kabati."

"Mama yako alikuwepo. Nilimsikia akicheka kwa masikio yangu haya."

"Wewe jirani ni shoga yake. Utasema nini kingine?"

"Basi mpigie mama simu umuulize."

"Nimtie mama yangu kwenye uchafu huu? Siwezi."

Wivu haukosi jibu, jamani. Ukiuziba mlango huu unatokea dirishani. Nikaenda kwa mke nikamsihi ampigie mkwewe. Naye akanikatalia. "Akitaka ukweli aulize mwenyewe," akasema. "Mimi si mshitakiwa hata nitafute shahidi."

Wiki zikapita hivyo, hadi baba mdogo wa Baridi akaitisha kikao cha familia ili ndoa ivunjwe rasmi. Bibi akaitwa pamoja na wengine, akaambiwa tu kwamba kuna jambo la kuzungumza. Nami niliitwa kama jirani. Baba mdogo akaeleza kwa maneno ya kuzungukazunguka, kisha Baridi akainua kamera tuione. Bibi akavaa miwani, akasogea. Uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Hii si niliipiga mimi? Na pua yangu iko wapi? Rudisha nyuma uwaonyeshe!"

Baridi hakusogea.

"Rudisha, mwanangu. Umeganda nini?"

Akabonyeza. Kioo kikajaa tundu mbili za pua, na chini yake, kwa rangi ya chungwa, tarehe moja mwezi wa kwanza, saa sita usiku. Baba mdogo akamnyang'anya kamera, akabonyeza tena. Mtoto yuko uani, jua limewaka hata amefumba macho: tarehe moja, saa sita usiku. Akabonyeza tena. Paka wangu juu ya ukuta, mchana kweupe: usiku ule ule.

"Kumbe kwako jua huwaka saa sita za usiku," baba mdogo akasema polepole. Hakuna aliyecheka.

Bibi akatutazama mmoja mmoja. "Mkwe wangu yuko wapi?" akauliza. Alipoelezwa yote, akavua miwani, akalia kama aliyefiwa.

Tulikwenda siku hiyo hiyo kwa kaka yake. Mke akatoka nje na mkasi mkono wa kushoto. Wa kulia kidole kilikuwa kimeunga, ila kimeunga kombo. Baridi akapiga magoti pale uani, mbele ya mtoto wake.

"Nimeziona zote, mke wangu. Nimekosa. Nisamehe."

"Nimekusamehe."

Akainua kichwa. Hata mimi nilianza kushukuru.

"Lakini sirudi."

"Si umenisamehe?"

"Nimekusamehe ili nipate usingizi. Nilikuambia ukweli, hukuniamini. Nikakuomba uangalie, ukanivunja kidole. Leo unaniamini kwa sababu kamera imenitetea. Siku ikinisingizia tena, atanitetea nani?"

Mke akamshika mtoto mkono, wakaingia ndani. Hajarudi hadi leo.

FUNZO

Ndugu zangu, tununue kamera, tupige picha, hakuna ubaya. Lakini kifaa hakina akili. Kinarudia kile tulichokiambia, na tukikidanganya kwa uvivu wetu, nacho kitatudanganya mbele za watu. Kabla ya kumhukumu mwenzio, tazama picha zote, si ile moja iliyokuchoma. Uliza waliokuwepo, hata kama ni mama yako na unaona haya. Usikichukue kicheko cha kazini ukakifanya kesi ya nyumbani. Hasira hasara, na hasara nyingine hazilipiki hata kwa magoti. Na mtu uliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo akikuambia, "Nipe nikuonyeshe," mpe.