Chuma cha Apio

Mvua ya Busia haina adabu. Humsubiri mtu afike katikati ya foleni ya mpakani, kitambulisho mkono huu na mzigo mkono ule, ndipo inajimwaga. Siku hiyo iliwakusanya watu chini ya turubai la Oundo, fundi wa miamvuli upande wa Kenya, wakasongamana bega kwa bega huku malori yakinguruma nyuma yao. Miongoni mwao alikuwapo Acen, binti wa Molo kule Tororo, ng'ambo ya mpaka, amevaa gauni la kitenge cha rangi ya machungwa lililomkaa vizuri kuliko alivyojua mwenyewe, na kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye leso. Alikuwapo pia Nasifu, kijana wa mjini hapo, shati jeupe, viatu visivyostahili tope, na mwavuli wa dada yake Mastula uliogeuzwa ndani nje na upepo.

Acen alifungua leso. Ilikuwa akogo, kisanduku cha mbao chenye vyuma vyembamba juu yake, vinavyopigwa kwa vidole gumba. Chuma kimoja kilikuwa kimevunjika. Alimwomba Oundo waya mmoja wa mwavuli, kwa kuwa baba yake hutengeneza vyuma vyake kwa waya za miamvuli ya zamani. Oundo alipekua kopo lake, akasema za siku hizi ni laini, zinajikunja kabla hazijalia. Kisha macho yake yakatua kwenye mwavuli wa Mastula.

"Huu haufufuki," alimwambia Nasifu. "Lakini waya zake ni za kale. Mpe huyu dada."

"Nikimpa mwavuli, yeye atanipa nini?"

"Mimi sina kitu ya kukupa," Acen alisema bila kumtazama. "Nakwenda kwetu na mvua yangu."

"Nipe sauti moja tu."

Acen akapiga chuma kimoja kati ya vile vizima. Nasifu alikuwa na studio ndogo nyuma ya duka la kaka yake, akirekodi kwaya, nyimbo za arusi na vijana wenye majigambo, na alidhani masikio yake yameshazoea kila kitu. Watu husema mapenzi huanzia machoni. Ya huyu yaliingilia sikioni, yakapanda machoni, na hapo yakakataa kutoka. Alitoa mwavuli wote, akaomba namba ya simu, akaipata baada ya kuombwa aache kuchekacheka ovyo.

Basi simu zikaanza. Asubuhi Nasifu aliuliza chuma chake kinaendeleaje, akajibiwa kinaimba kumshinda yeye. Jioni Acen alimtania kwamba watu wa Kenya wanaongea kama wanafukuzwa. Walikutana Tororo wakala chapati za mayai kivulini kwa Mwamba, lile jabali lililousimamia mji, walikutana Busia wakanywa chai kwa Mastula, aliyemkagua mgeni kutoka kisogoni hadi visiginoni na kutangaza kwamba kwa huyu mwavuli wake haukupotea bure. Miezi ikapita wakiwa hivyo, wakipendana bila kuficha.

Siku moja sauti ya Acen kwenye simu ilikuwa imenywea. Kisukari kilikuwa kimetia ganzi vidole vya baba yake, mzee Ojulong. "Papa anaangusha kikombe," alisema. "Akogo nayo itakwenda. Akishindwa kupiga, mimi nitamsikia wapi?"

Nasifu hakuweza kutibu sukari, lakini hilo la kusikia aliliweza. Alimweleza kwamba watarekodi kila chuma peke yake, kwanza polepole, kisha kwa nguvu. Yeye atazisafisha sauti, aziingize kwenye kompyuta na kuiweka kila moja juu ya kitufe chake cha kinanda. "Ukibonyeza, ni mzee huyo anapiga, mpenzi. Hata vidole vyake vikilala." Acen alilia kwa shukrani, na Nasifu akajiona mwanamume.

Alikwenda Molo na maiki yake. Mzee Ojulong, mrefu, mkavu, kofia yake ya Jumapili kichwani, aliketi kwenye kigoda akapiga kama alivyoombwa. Kumbe kila chuma kilikuwa na jina la mtu wa nyumba ile, na kabla ya kukigusa alilitaja. Kazi ilikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye vyuma viwili vya katikati.

"Apio na Acen," mzee alisema, akavipiga vyote kwa pamoja.

"Mzee, naomba kimoja kimoja."

Mzee alimtazama. "Apio na Acen," akarudia, akavipiga tena vyote.

Nje, karibu na ghala, Acen alimfafanulia. Alizaliwa pacha. Apio alitangulia kuja na akatangulia kuondoka, kabla hata hawajajifunza kutembea. Huko kwao pacha hawatenganishwi. Ukimpa mmoja gauni, na mwenzake mpe, awe yupo au ameondoka. Ndiyo maana baba yake aliviweka vile vyuma ubavu kwa ubavu, na hajawahi kukiacha kimoja kilie peke yake. Kile kilichokuwa kimevunjika siku ya mvua kilikuwa cha Apio, na kwa muda wote huo mzee alikataa kukigusa cha Acen. "Papa amesema wewe Mwislamu na sisi Wakatoliki, hiyo tutazungumza," Acen alisema. "Ya pacha hatuzungumzi."

Nasifu aliitikia, na aliitikia kwa moyo. Lakini mzee alipokwenda kupumzisha vidole, na Acen alipoingia jikoni kuandaa chai, akogo ilibaki kwenye kigoda mbele ya maiki iliyo wazi. Nasifu aliiona kazi yake: kinanda kizima kimejaa, katikati shimo. Alivaa hedifoni. Akapiga Apio, polepole, kisha kwa nguvu. Akapiga Acen, polepole, kisha kwa nguvu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi akiona shimo hulifukia kwanza, maswali baadaye.

Nyumbani alikata, akasafisha, akapanga, mpaka kinanda cha plastiki kikawa akogo ya Molo. Kifurushi hicho cha sauti akakipa jina la Ojulong, na kwa kutaka kumshangaza mpenzi wake, akakiweka mtandaoni ili mwanamuziki yeyote popote akichukue, mzee ajulikane duniani. Alipanga kumwambia siku atakayomwomba mkono wake. Mapenzi nayo yana ujinga wake, na huu ulikuwa mmojawapo.

Acen hakusubiri siku hiyo. Alikuwa sokoni Tororo akichagua nyanya, bodaboda mmoja akapita na spika yake. Ulikuwa wimbo wa vijana wa mbali, ngoma nzito, na juu ya ngoma chuma kimoja kinalia, kinarudia, kinalia. Aliijua sauti ile kama mama anavyojua kilio cha mwanawe kati ya watoto wengi. Aliacha nyanya, akapiga simu.

"Nasifu, ulimpiga Apio peke yake?"

Nasifu alivua hedifoni.

"Mpenzi, nilihitaji tu... ni chuma tu, Acen."

Katika maneno yote aliyowahi kusema Nasifu, hayo ndiyo angelipa chochote kuyameza.

"Chuma tu," Acen alisema taratibu. "Sawa." Akakata.

Saa ileile Nasifu alikitoa mtandaoni. Maji yakimwagika hayazoleki. Kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa na watu wa nchi ambazo hata majina yake hakuweza kuyatamka. Alimwandikia mwenye ule wimbo, akajibiwa kwa heshima kwamba wimbo umeshatoka, haurudishwi, na asante sana kwa sauti nzuri. Alimpigia Acen ikaita mpaka ikachoka. Alimwomba Mastula ampigie, naye akapiga, akasikiliza kwa muda mrefu, akarudisha simu na kumwambia kaka yake kwamba huyo binti hana hasira, ana msiba, na msiba hauombwi radhi kwa simu.

Molo nako mambo yalikuwa yamefika mwisho. Asubuhi moja mzee Ojulong aliweka vidole gumba juu ya vyuma, na vidole havikufanya kitu. Alivisugua, akavibembeleza, akavitia kwenye maji ya moto. Acen alimtazama akashindwa pa kushika. Muziki wa baba yake ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani, kwenye kompyuta ya mtu ambaye yeye Acen hakutaka kumwona.

Nasifu alifika bila kuitwa, kompyuta mgongoni, kinanda kwapani, viatu vyeupe vikiwa vyekundu kwa udongo. Hakujitetea. Aliweka kinanda mapajani mwa mzee na kumwelekeza vitufe viwili vya katikati. Mzee hakuweza kutumia kidole, akabonyeza kitufe cha kwanza kwa kifundo cha mkono. Ikatoka sauti yake mwenyewe, ya siku ile ya kurekodi, "Apio na Acen," kisha vyuma vyote viwili. Akabonyeza cha pili. Vikalia vyote viwili.

"Nimefuta vile vya peke yake," Nasifu alisema. "Humu hawataachana tena, bonyeza kitufe chochote. Lakini huko nje, mzee, siwezi. Nimejaribu kila njia. Siwezi."

Mzee alibonyeza tena, na tena, machozi yakimtiririka bila kuyafuta, maana mikono ilikuwa kazini. Mwishowe alisema, "Na mimi siwezi. Vidole ni vyangu na havinisikii." Akawatazama wote wawili. "Ile waya ilitoka kwa mwavuli yenu. Mtoto anatembea huko na chuma yako na jina yangu. Sasa akipita hapa, nyinyi mtafanya nini?"

Acen ndiye aliyejibu, na hakujibu kwa maneno. Aliimba kwa koo, mdomo umefumbwa, ile sauti moja ya chuma chake, akaishikilia mpaka pumzi ikaisha.

Tangu hapo wimbo ule ulipopita, penye soko, penye saluni, penye maziko, Acen alisimama na kumwimbia pacha wake sauti ya pili. Kwa Nasifu alirudi polepole, simu fupi kwanza, kisha ndefu. Lakini alipoulizwa kuhusu ndoa alisema atajibu siku moja, asisukumwe. Nasifu hakumsukuma.

Siku hiyo ilikuja mchana, kwenye foleni ya mpakani, jua kali. Lori la vitunguu lilikuwa limesimama, dirisha wazi, na kutoka ndani wimbo ukaanza. Nasifu aliona haya. Mbele yake wachuuzi, nyuma yake wachuuzi, askari wa forodha wakimkodolea macho. Akafumba mdomo, akaimba chuma cha Acen. Kisha akapiga simu.

"Amepita," alisema.

"Wapi?"

"Hapa mpakani. Kwa lori la vitunguu."

"Na wewe?"

"Nimemwimbia."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

Nasifu akamsikia Acen akivuta pumzi. "Basi leta wazee wako Jumamosi," alisema. "Papa anawangoja. Na kuja na mwavuli, mpenzi, huku inanyesha."

Geti likafunguliwa. Lori likajikokota na wimbo wake, na Nasifu, simu bado sikioni, akaimba tena mpaka asiweze kulisikia. Lilikuwa linaelekea Kisumu, ambako hakuna anayejua kwamba Apio ana pacha.