Bisibisi Alinyamaza

Kengele ya chakula ilipolia, wafanyakazi wote walimiminika ngazini kwa mkupuo, na katika msukumano huo fundi wa mashine akamvaa binti mmoja kifua kwa bega, akamdaka asianguke. Fundi huyo kiwanda kizima kilimwita Bisibisi, maana bisibisi haikumtoka mfukoni hata akienda kula. Binti alikuwa na gauni la manjano lililomkaa vizuri kiunoni, na sasa lilikuwa na alama za vidole vitano vya grisi.

"Salale! Kaka, macho umeyasahau kwenye mashine?"

"Nisamehe, dada. Nitalifua mwenyewe."

"Kwa mikono hiyo? Si utalimaliza kabisa!"

Akacheka, na Bisibisi kwisha habari yake. Binti alikuwa mgeni, mshonaji wa kola za mashati, meza ya kumi na saba. Fundi akaanza kumwita Kola, na mwezi haukuisha kabla mashine ya kumi na saba haijawa ndiyo inayokaguliwa kuliko zote. Jumapili walipigiana simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Muone! Maneno hayo umeyatoa kwenye kopo la grisi?"

Sasa meneja wao, Mungu anisamehe, alikuwa mtu wa hovyo. Alianza kwa kumwita Kola ofisini bila sababu, akaja na lifti ya gari, mwisho akaja na mkono begani. Kola akautoa ule mkono. "Bosi, mimi nimekuja kushona."

Kumbe kajitafutia balaa. Pale kila shati lilibandikwa karatasi yenye namba ya meza lilikoshonwa, na mashati mabovu matatu yalitosha kukufukuzisha. Wiki ileile yakapatikana matatu, kola zimepinda, yote namba kumi na saba.

Bisibisi alikuwa ameona. Alikuwa kalala chali chini ya mashine akikaza mkanda, akamwona meneja akibandua karatasi za watu wengine kwenye mashati mabovu na kubandika za Kola kwa mkono wake.

"Utanisemea?" Kola alimuuliza. Kamati ya wafanyakazi ingekaa Ijumaa kuamua kesi yake. "Sina mwingine aliyeona."

"Hilo nalo la kuuliza? Nitasema mbele ya wote."

Alhamisi meneja, habari zikiwa zimemfikia, akamwita Bisibisi ofisini, akamvutia kiti, akamwita mwanangu.

"Ukisema, mnaondoka wote wawili. Ukinyamaza, namfutia kosa, namhamishia sehemu nyingine. Kazi anabaki nayo. Unampenda au humpendi?"

Laiti angeuliza swali moja tu, sehemu gani! Fundi wa kuijua kila nati, swali hilo halikumjia. Ijumaa akasimama mbele ya kamati, akatazama viatu vyake.

"Mimi sikuona kitu."

Kola hakupiga kelele. Alimwita tu, kwa sauti ndogo, "Bisibisi?" Naye hakuinua uso.

Jumatatu barua ikatoka: Kola ahamie ofisini kwa meneja, apange majalada, peke yake. Hakuingia hata siku moja. Alikusanya vitu vyake akaondoka, na njiani simu ikaita.

"Kola, nisikilize. Nilitaka ubaki na kazi!"

"Umenifungia chumba kimoja na yule mtu, halafu unaniambia kazi?"

"Sikujua, wallahi."

"Ulijua ulichokiona. Nilikuwa na mtu mmoja tu, na huyo mmoja kaniita mwongo mbele ya watu."

Akakata simu. Bisibisi alipiga siku nzima bila kujibiwa.

Ilimchukua miezi minne. Meneja alipoanza kumwita mshonaji mwingine ofisini, fundi akaenda idara ya kazi akaandika yote, pamoja na uongo wake mwenyewe. Meneja akaondolewa. Kola akaandikiwa barua ya kuombwa radhi na kurudishwa kazini, lakini hakurudi. Alikuwa anashona sare za shule kwa shangazi yake, upande wa pili wa mji, na huko ndiko Bisibisi alikomfuata, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Nimekuja kukuomba unisamehe. Na nataka kukuoa."

Kola akatoa pini mdomoni, moja moja.

"Nimeshakusamehe. Niliposikia umesema, nililia kwa furaha."

"Basi turudiane, mpenzi."

"Bado nakupenda, nisikudanganye. Lakini nikipata shida nitakuwa najiuliza, leo atanisemea au atanyamaza? Siwezi kulala na swali hilo kitanda kimoja. Nenda, tafadhali, kabla sijabadili mawazo."

Bisibisi akatoka, akamuaga kwa heshima shangazi aliyekuwa uani, akaenda zake.

"Nani yule?" shangazi akauliza, akiingia ndani.

"Fundi wa mashine, shangazi."

"Fundi? Kwani mashine yetu mbovu?"

"Nzima," Kola akasema, akageukia ukutani akalia.