Kaka wa Mkunga

Wembe ulikuwa shingoni mwake wakati kinyozi alipoanza kumsifia mume wa mkunga.

"Yule bwana ni mfano," kinyozi alisema, akimwinua kidevu kwa vidole viwili. "Mchana hakosi pale mgahawani. Anakaa na mkewe, hali kitu, anamtazama tu akila. Mume gani siku hizi anamtazama mkewe akila?"

Aliyekuwa kitini alinyamaza. Alinyamaza kwanza kwa sababu ya wembe, halafu kwa sababu mume wa mkunga alikuwa yeye.

Alikuwa fundi wa majokofu, na watu wote walimwita Fundi. Mkewe alihamishiwa hospitali ya mji huu akatangulia mwezi mmoja, huku yeye akibaki nyuma kumalizia kazi za watu na kufunga mizigo. Sasa alikuwa amefika juzi tu. Kwa kuwa hakuwa na kazi bado, alijipa kazi ya kuuzungukia mji: bucha gani halichanganyi mifupa, nani anauza mkate wa moto, mgahawa upi una jokofu linalonguruma kama lina pumu. Kwa mtu mwenye moyo mwepesi hiyo ni starehe. Fundi hakujaliwa moyo huo. Wivu wake ulikuwa wa kuchekesha na kutisha kwa pamoja, aliwahi kununa kutwa nzima kwa sababu mkewe alimwita kitoto kichanga, kilichotoka tumboni mwa mama yake saa ile ile, "mchumba wangu."

"Na wewe unayekaa pale kwa mkunga," kinyozi aliuliza, "ni nani wake?"

Angesema ukweli wangecheka wote wawili na kila mtu angeshika njia yake. Lakini mtu mwenye wivu hataki kupewa aibu yake usoni. Anataka kwanza kuichokonoa, aone ina kina gani.

"Mimi ni kaka yake," Fundi alisema. "Tumbo moja."

"Basi una shemeji, bwana!" Kinyozi alifurahi kweli. "Mrefu, nguo nyeupe, hana maneno. Wakitoka anamfuata nyuma kidogo, kwa heshima. Na ananukia!"

Jioni ile mkunga aliporudi, Fundi alimpokea mkoba na kumsogelea shingoni kana kwamba anambusu. Aliipata harufu. Yalikuwa marashi ya waridi, na chini ya marashi kitu kingine, kama chuma kilicholala majini.

"Mchana ulikula na nani?"

"Peke yangu, nile na nani? Sina mtu hapa zaidi yako." Mkunga alivua viatu, akakanda nyayo zake. "Kuna meza moja pembeni, chini ya ngazi. Haikaliwi na mtu. Nimeizoea."

Fundi hakulala vizuri. Alilala ubavuni mwa mkewe akihesabu uongo ambao mkewe hakuusema.

Kesho yake alikwenda kwa mama muuza matunda, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, akachagua mapapai huku akitega sikio. Hakuhitaji kutega sana. Muuza matunda alimwambia mwenyewe kwamba mkunga ana bahati, kwamba mumewe husimama nyuma yake anapochagua matunda, na nzi wote huondoka.

"Nzi?"

"Hawasogei. Nikamwambia, mama, mkodishe huyu mume aniketie dukani." Alicheka hadi akashika kiuno. "Na wewe ni nani wao?"

"Kaka yake," Fundi alisema, na papai lilipasuka mkononi mwake.

Usiku wakiwa mezani, mkunga alinyoosha mkono. "Kaka, nipitishie chumvi."

Fundi alimkodolea macho. Mkunga alikula bila wasiwasi. Basi Fundi akajipa jibu: mkewe amesikia mitaani kile alichokuwa akisema, na sasa anamdhihaki. Damu ilimchemka. Anataka kaka? Atampata kaka. Na kwa hasira hiyo tu, siku ya Alhamisi, alikwenda kumwambia na mtu wa tatu.

Huyo alikuwa fundi viatu, mzee mkimya aliyekaa juu ya sanduku kwenye kona ya soko. Fundi alimpa kiatu cha kushonwa, akajitambulisha kabla ya kuulizwa: kaka wa mkunga, ndiyo, yule yule.

Fundi viatu hakusifia kitu. Aliuma uzi, akapunguza sauti. "Mimi huangalia miguu ya watu. Ndiyo kazi yangu. Shemeji yako amepita hapa mvua ikinyesha, tope limejaa barabara nzima. Soli zake zilikuwa safi."

"Alikuwa ameziosha labda."

"Zilikuwa safi akija, na zilikuwa safi akienda." Alimrudishia kiatu bila kumtazama. "Muulize dada yako kama anamfahamu vizuri mtu huyo."

Fundi angeogopa siku hiyo kama asingekuwa na wivu. Wivu haukumwachia nafasi. Alichosikia ni kwamba mwenzake ana viatu vizuri.

Jioni alikuta shuka na mto vimepangwa vizuri kwenye kochi la sebuleni.

"Hii nini?"

"Pa kulala, kaka. Au unataka blanketi?" Mkunga alisema kwa upole kabisa, upole wa dada kwa ndugu aliyetoka mbali, na huo upole ndio uliomvunja nguvu. Hakuwa anadhihaki. Hakukuwa na mzaha wowote machoni mwake.

Fundi aliichomoa picha ya harusi yao sandukuni. "Huyu ni nani? Tazama. Huyu ni nani amesimama na wewe?"

Mkunga aliipokea, akatabasamu. "Tulipendeza siku ile. Ila wewe kaka ulisogea mno, mume wangu hakutokea vizuri."

Aliingia chumbani akafunga mlango. Fundi alisikia kitanda kikilalamika mara moja, mkewe alipoketi. Halafu kikalalamika tena, upande wake yeye, upande wa ukutani.

Ijumaa mchana alikwenda mgahawani na bisibisi mfukoni. Alikuwa amejipanga kumtoboa mtu. Mhudumu alimpokea mlangoni na sinia la glasi. "Unamtafuta dada yako? Yuko pale na mumewe, chini ya ngazi."

Mkunga alikuwa pale, peke yake. Alikuwa amejiinamia mbele kidogo kama mtu anayesikiliza kitu kitamu, na mbele yake kulikuwa na kiti kitupu, na mhudumu alipita akaweka glasi ya maji mbele ya kiti kile kitupu, akainamisha kichwa kwa adabu, na mkunga akacheka, akacheka kwa kicheko ambacho Fundi katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kukitoa kifuani mwake, na hata wakati nywele za mikono zilipokuwa zikimsimama alikionea wivu kicheko kile, akapiga hatua, na harufu ya waridi na chuma ikamjia puani nzito kiasi cha kumfanya ameze mate, na maji katika ile glasi yakaanza kupungua polepole bila glasi kuinuliwa, na kiti kikasogea, miguu yake ikikwaruza sakafu, kikageuka taratibu hadi kikamwelekea yeye. Mkunga naye akageuka.

"Ah," alisema mkunga. "Ndiye kaka yangu huyu."

Aliongea na kiti. Fundi alikimbia. Bisibisi aliiangusha mlangoni na hakurudi kuiokota.

Alijikuta tena kwa kinyozi, ameshika ukingo wa beseni la kunawia, akiongea mfululizo. Kinyozi alimsikiliza mpaka mwisho, wembe ukiwa umesahaulika mkononi.

"Yaani mume ni wewe?" alinong'ona. "Sasa kwa nini ulisema..." Hakumalizia. Alifunga duka, akampeleka kwa mganga.

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo anayeuza ndoo na mabeseni ya plastiki. Aliwaketisha nyuma ya duka, juu ya ndoo zilizopinduliwa. Hakuwasha ubani, hakutingisha kitu. Alimtazama Fundi kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyechana daftari lake mwenyewe.

"Huyo ni jini. Pembe ile ya mgahawa ilikuwa yake kabla mgahawa haujajengwa. Mkeo alikaa pale kwa upweke, jini akampenda."

"Amemroga!"

"Nimesema akampenda. Kumtazama alimtazama tu, asingeweza kumgusa, maana mwanamke alikuwa na mwenyewe. Kila aliyemuona alimwita mume, lakini ni watu tu, wanasema wanachokiona. Kuna mtu mmoja tu ambaye neno lake lingempa ruhusa." Mganga aliinama mbele. "Uliambiwa useme wewe ni nani wake. Ukasema nini?"

"Kaka yake."

"Ulisema mbele ya wangapi?"

"Watatu."

"Basi umemwachia mara tatu. Mwanamume mwenye wivu hivyo, akampa mwingine mkewe kwa kinywa chake!" Mganga alitikisa kichwa, karibu acheke. "Nenda kesho. Kwa kila uliyemwambia, mwambie ukweli, ausikie kwa masikio yake. Halafu uende mgahawani ukaseme mbele ya wote wawili. Usimtukane, usipigane naye. Jitaje tu."

Kinyozi alisikia pale pale, akaitikia. Kesho yake asubuhi muuza matunda alisikia, akampiga Fundi kofi la begani. "Wanaume nyinyi! Ungesema tangu mwanzo ningekuuzia papai zuri." Fundi alihisi kifua kikimfunguka kila alipolitamka neno mume, akaenda karibu kukimbia hadi kwenye kona ya soko.

Sanduku halikuwepo. Pale chini palibaki misumari midogo na doa la gundi.

"Mzee wa viatu?" alijibu muuza soksi wa jirani. "Jana jioni alifunga virago. Kasema kuna mtu anapita hapa hataki kumuona tena. Wala hakusema anaelekea wapi."

Fundi alisimama juu ya misumari ile. Mchana ulikuwa umefika, na mkewe alikuwa mezani. Alikwenda hivyo hivyo.

Safari hii hakuwa na bisibisi. Alipita katikati ya meza, akasimama mbele ya kiti kile kitupu, na harufu ikampanda usoni, na mgahawa mzima ukanyamaza, vijiko vikasimama hewani, na jokofu la kaunta lililokuwa likinguruma likakata, na Fundi akasema kwa sauti iliyopasuka:

"Mimi ni mume wake. Si kaka yake. Mume wake, tangu siku ya picha ile."

Kiti kilianguka chali. Kitu kilimpita Fundi begani, cha baridi na kirefu, kikatoka mlangoni bila pazia la shanga kutikisika. Mhudumu aliachia sinia.

Mkunga alipepesa macho kama aliyeamshwa. "Mume wangu," alisema, akamshika mkono. "Mbona umekonda hivi? Hawakulishi nyumbani?"

Fundi alilia mbele ya watu, hakuona aibu. Walirudi wameshikana mikono, na usiku ule alilala upande wake, upande wa ukutani.

Tangu hapo, Ijumaa ni mume, Jumamosi ni mume, mpaka Jumatano ni mume anayependwa. Fundi amepata wateja, mji umemzoea, na mkewe hali tena chini ya ngazi. Lakini ikifika Alhamisi jioni, mkunga hutandika shuka kwenye kochi bila kuambiwa. "Usiku mwema, kaka," husema, na mlango hufungwa. Nje ya mlango huo huwa kuna viatu, jozi moja, soli zake safi. Fundi hujifunika mto kichwani asisikie kile kicheko, na hukisikia.

Mganga alimwambia hana la kufanya. Neno moja, lile la Alhamisi, bado liko sikioni mwa mtu, na huyo mtu hayupo. Ndiyo maana Fundi hukubali kazi za mbali, friji za miji asiyoijua, na akifika hupita kwanza kila kona yenye mtu juu ya sanduku, kabla ya kufungua begi la vifaa. Bado hajampata.

Alhamisi iliyopita mkunga alichelewa kufunga mlango. Alisimama akimtazama Fundi pale kwenye kochi, mkono wake ukiwa tumboni, uso umejaa furaha.

"Kaka," alisema, "utakuwa mjomba."

Ijumaa Fundi aliamka mapema, akachana nywele, akaketi mezani kungojea mkewe amwambie tena habari ile ile, safari hii kama baba. Mkunga alimmiminia chai, akamwita mume wangu, akazungumzia mvua. Jumamosi vilevile. Kesho ni Alhamisi nyingine, na hajamwambia.