Ukuta Uliokataa Kupoa

Jua lilikuwa limeshuka upande wa Uganda shangazi alipomkabidhi Rahab kifurushi cha jani la mgomba.

"Peleka mtoni," alisema. "Tupa kwa maji yenye inatembea. Usipitie popote, usiangalie nyuma. Ukirudi nitakunyoa na wewe."

Ndani ya jani mlikuwa na nywele za mama yake na za Jotham, mdogo wake, zilizonyolewa alasiri hiyo. Ilikuwa siku ya tatu tangu Papa azikwe. Nyumbani kwao, kule Sirisia, hata watoto walijua maana yake. Kifo huwashika wafiwa kichwani, na wembe ndio hukifungua. Nywele zikienda na maji, kifo kimekwenda nazo. Nywele zikibaki...

Hakuna aliyewahi kumwambia zikibaki inakuwaje. Hakuna aliyewahi kuziacha.

Rahab alikuwa na miaka kumi na mitano. Ilikuwa 1989; mwaka mmoja kabla aliacha shule akiwa darasa la saba ili amuuguze baba yake kifua. Aliifahamu njia ya mtoni kuliko njia ya shule. Lakini alipofika kwenye matete, giza likianza kuyafunga, alisikia kikohozi.

Viwili vifupi. Kimoja kirefu.

Kikohozi alichokisikiliza mwaka mzima.

Hakuangalia nyuma wala mbele. Alikimbia. Aliposimama alikuwa nje ya nyumba mpya ambayo Papa hakuimaliza, kando ya shimo la udongo wa kukandikia, kifurushi kikiwa bado kifuani. Shangazi alikuwa akimwita kutoka jikoni. Rahab alilifungua jani, akazimwaga nywele shimoni, akaingia kwa miguu na kukanyaga.

Hata hivyo udongo unataka nyuzi, alijiambia. Nyasi, katani, nywele... yote ni nyuzi.

"Umefikisha?" shangazi aliuliza.

"Nimefikisha, shangazi."

Akanyolewa. Nywele zake mwenyewe, shangazi alizipeleka mtoni kulipopambazuka. Asubuhi hiyo hiyo majirani walikuja kukandika ukuta wa magharibi kabla mvua haijauharibu.

Nyumba hiyo ilikuwa ndoto ya Papa. Papa, jina lake Absalom, alikuwa amejifunza ujenzi huo Kitale, kwa fundi aliyeitwa Kimaiyo: matofali ya udongo yasiyochomwa, manene kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi vidole, dari iliyojazwa maganda ya kahawa, madirisha madogo upande wa baridi. Hata chakula kilichemshwa kidogo tu, kisha sufuria ikafunikwa ndani ya kikapu kilichojazwa nyasi kavu na matambara, ikajiivia yenyewe. Ukuta wa magharibi ulikusudiwa kulinywa jua la mchana na kulirudisha jioni. Papa alipokuwa akiijenga, majirani walicheka sana.

"Ati maganda ya kahawa kwa dari!" jirani yao Wakonyo alisema. "Absalom, unataka kulala ama unataka kukaanga kahawa?"

"Wewe cheka tu. Joto ikiingia hapa haitoki," Papa alimjibu. "Siku moja utakuja kuomba kulala." Akakohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Hakuwahi kulala humo hata siku moja.

Mwezi wa saba Kimaiyo alikuja na kipimajoto. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, jua halikuonekana. Alikitundika nje, kisha ndani, karibu na ukuta wa magharibi. Alikisoma. Akakipangusa kwa shati, akakisoma tena.

"Nje kumi na tatu. Ndani ishirini na sita. Mama, mliwasha moto saa ngapi?"

"Hatujawasha," mama alisema. "Tangu juzi."

"Si hii kitu imeharibika, bana!" Lakini aliuweka mkono ukutani, akaupitisha kutoka kona hadi kona. Kuta nyingine tatu zilikuwa na nyufa nyembamba, kama kuta zote za udongo. Huu haukuwa na ufa hata mmoja. "Nani alichanganya hii udongo?"

"Rahab," mama alisema kwa fahari.

Kimaiyo alimtazama Rahab kama mwalimu aliyempata mwanafunzi. Aliahidi kwamba akiandika ripoti ya ukuta huo, ofisi yake ya Kitale ingempeleka chuo cha ufundi Januari. Angesoma tena. Rahab alifurahi, lakini haikuwa furaha tupu.

Wakati wa kuaga, Kimaiyo alimpa Jotham mkono, akauachilia upesi.

"Kijana, wewe umeshika barafu?"

Jotham, mwenye miaka sita, alitabasamu kutoka ndani ya blanketi. Kichwa chake kilikuwa laini kama kibuyu. Cha mama pia, chini ya kitambaa. Miezi mitatu sasa, na hakuna hata unywele mmoja uliorudi. Za Rahab zilikuwa zimejaa kichwa kizima. Naye alijifunga kitambaa ili zisionekane.

Kimaiyo hakujua kwamba asubuhi hiyo, kabla hajafika, Rahab alikuwa ameunyoa ukuta.

Alikuwa akifanya hivyo kila alfajiri. Mwanzoni ulikuwa ukwaruzo tu chini ya kiganja, kama kidevu cha mtu aliyenyoa jana. Kisha zikaonekana: nyeusi, ngumu, zikichomoza kwenye udongo. Alitumia wembe ule ule wa shangazi. Kwaruu... kwaruu... Zilinuka jasho na sabuni ya kufulia. Kadiri Jotham alivyozidi kupoa, ndivyo ukuta ulivyozidi kupata moto, na Rahab alijua joto lile lilikuwa likitoka wapi. Alijua, akanyoa, akafagia, akaiwaza Januari.

Mpaka asubuhi moja alipoziona za mvi.

Mama hakuwa na mvi. Jotham alikuwa mtoto. Mwenye mvi nyumbani alikuwa mmoja, tena kidevuni.

Jioni hiyo Jotham alishindwa kukishika kijiko. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Rahab alipiga magoti mbele ya mama na kusema yote: matete, kikohozi, shimo, uongo.

Mama hakupiga kelele. Aliegemeza shavu ukutani.

"Najua," alinong'ona. "Ni ndevu zake. Zinanichoma hapa, kama zamani."

"Mama, Jotham anaisha!"

"Papa yako alitaka tu kulala kwa nyumba yake. Muache alale."

"Na Jotham je?"

Mama alifumba macho. "Kesho," alisema. "Muache leo tu."

Kesho yake mama alisema tena kesho. Siku ya soko mama alipotoka na kapu lake, Rahab alichukua jembe. Pigo la kwanza, ukuta ulitoa pumzi. Joto lilimpiga usoni, lenye harufu ya dawa ya kifua. Udongo haukumomonyoka. Ulining'inia kwa nywele, mafungu marefu, meusi na ya mvi, na ilimbidi ayakate kwa wembe akilia, akisema, "Pole, Papa. Pole. Pole."

Alijaza gunia. Alipogeuka, mama alikuwa mlangoni, kapu mkononi. Rahab alitoka na gunia begani, na mama akapiga magoti akianza kufagia vifusi kwa mikono.

Jua lilikuwa likishuka tena upande wa Uganda. Kwenye matete kikohozi kilimfuata.

Viwili vifupi.

Safari hii hakukimbia. Aliumwaga udongo kwenye maji yanayotembea, akasimama mpaka maji yakawa safi. Alikisubiri kile kirefu. Hakikuja.

Wiki mbili baadaye kichwa cha Jotham kiliota vinywele laini. Alikimbiza kuku uwanjani, akaanguka, akacheka. Ukuta ulikandikwa upya kwa nyasi, ukapasuka nyufa kama zile nyingine. Kimaiyo alirudi na kipimajoto chake, akasoma kumi na nane, akafunga daftari.

"Bado ni nyumba nzuri," alimwambia Rahab kwa upole. Hakutaja Januari, na Rahab hakumuuliza.

Kitambaa cha mama, hata hivyo, hakikuondoka kichwani.

Jioni moja Rahab alirudi kutoka shambani na njaa. Kikapu cha kupikia kilikuwa pembeni mwa kitanda cha mama, kimefunikwa vizuri. Alifunua akitarajia maharagwe.

Hamkuwa na sufuria.

Ndani ya nyasi, limeviringishwa ndani ya shati la Papa, palikuwa na donge la udongo, si kubwa kuliko ngumi. Aliligusa. Lilikuwa na joto la mwili. Mvi zilikuwa zimeota pande zote, na mtu alikuwa amezichana.

Nyuma yake kitanda kililia. Mama alikuwa amekaa, anamtazama, mikono yake imejikunyata kwa baridi.

Rahab alitaka kusema. Lakini aliyemleta Papa humo ndani ni nani, kama si yeye mwenyewe?

Alirudisha nyasi mahali pake, safu kwa safu. Kisha akafunika, akabana kingo kwa vidole, joto lisitoke.