Kumi na Sita na Mwenye Nyumba

Mombasa nzima, toka Kizingo hadi Makadara, hakukuwa na mtu ajuaye kunakili kaseti kama Khubaib. Duka lake lilikuwa Mji wa Kale, ukuta kwa ukuta na nyumba yangu, kwa hivyo haya si ya kuhadithiwa. Ulimpa kaseti moja asubuhi, adhuhuri haijaadhiniwa amekutolea arubaini, na kila nakala yalia kushinda mama yake.

Mwaka wa tisini na sita, Jefwa, kuli wa bandarini, akamletea kaseti aliyopewa na baharia. Rap ya magenge, ile ya matusi na bastola. Kampuni moja ndogo ya Marekani, haijulikani hata kwao, ilikusanya wahuni kumi na sita, kila mmoja na wimbo wake. Akimaliza, amwita mwenzake kwa jina, aingie.

"Sikiliza besi hiyo, bwana," Jefwa akasema. "Yavunja vioo."

Na vilivunjika, wallahi, maduka matatu. Watu wakapanga foleni hadi Ngomeni. Siku ya tatu kaseti tupu zikamwishia Khubaib, na nje dereva wa bwana mkubwa wa Kizingo yuwapiga honi, ataka yake saa hiyo hiyo. Khubaib hajapata kumrudisha mteja mikono mitupu. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake.

Akakimbia nyumbani, akafungua kabati la mamake.

Mle mlikuwa na kaseti moja, imefungwa kwa bafta nyeupe. Miaka miwili nyuma dada yake, Swabaha, alipagawa, akapungwa siku saba. Pepo wengine hutiwa chupani. Huyu aliikataa chupa. Aliiona redio ya Khubaib yarekodi ngoma, akasema kwa kinywa cha Swabaha: "Nitakaa humo. Humo mna nafasi." Bi Mwanakuu, fundi wa pepo, akaridhia. Khubaib kwa mkono wake akavunja vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, pasirekodiwe tena kitu juu yake. Swabaha akapona. Kicheko chake kikawa chasikika hadi Likoni.

Khubaib alijua yote hayo. Lakini honi ilikuwa yalia. Akatafuna karatasi, akaziba vile vitundu viwili, akapitisha selotepu juu, kama afanyavyo kila fundi kaseti ikiwa imefungwa isirekodiwe.

"Kaseti ni kaseti," akajiambia. Akarudi nayo dukani, akabonyeza kurekodi.

Ilipokwisha akaipima. Wimbo wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Baina ya wa nne na wa tano pakawa na mtu yuwahema. Kisha sauti ya polepole, Kimvita cha kale:

"Nyumba yangu mumeitia watu."

Akaitoa upesi. Akaweka ile ya Marekani yenyewe.

Pale pale. Sauti ile ile.

Akamwacha dereva akipiga honi. Kufika nyumbani, alasiri, Swabaha alikuwa ukumbini akichambua mchele. Yuwaongea. Kiingereza. Sauti nene ya mwanamume. Na Swabaha Kiingereza chake kilikuwa salamu tu! Mikono haikusimama, yachambua mchele. Mwisho akaita jina fulani la Kizungu, akanyamaza.

Kesho yake, alasiri, akaja wa pili.

Bi Mwanakuu akaja na sinia: halua, kahawa, ubani, marashi. Mwanamke huyu alikuwa amepunga pepo elfu, wa Kiarabu, wa Kihabeshi, wa Pemba. Akainama. "Marahaba, mgeni. Wataka nini?"

Akajibiwa Kiingereza. Akauliza tena. Kiingereza.

Akainuka, akaifunika sinia. "Mwanangu Khubaib, pepo husema atakalo, tukampa, akatoka. Hawa siwafahamu. Nitawapa nini?"

Wakamwita mwalimu Purity wa Makadara. Alimsikiliza wa sita mwanzo hadi mwisho.

"Wataka nini, mwalimu?" mama akanong'ona.

"Hawataki kitu, mama. Wanapishana mlangoni. Kila mmoja anamwambia mwenzake: ingia, nafasi bado iko."

"Na wa mwisho?" Khubaib akauliza. "Yeye atamwita nani?"

Purity akavaa viatu.

Khubaib akaichokoa ile karatasi kwa sindano. Haikutoka. Akaifuta kaseti mara mia, sauti yabaki. Akaipigia magoti redio: "Bwana wee, rudi ndani. Nyumba ni yako."

Wa kumi. Wa kumi na mbili. Kila asubuhi sauti ya Swabaha mwenyewe yapungua. "Kaka, wambie waondoke." Wa kumi na nne, yuwasema kwa midomo tu.

Siku ya kumi na sita mama alimziba kinywa kwa viganja vyote viwili. Sauti ikatoka vivyo hivyo. Ikamaliza. Ikaita.

"Swabaha."

Mama alikuwa amemlea vizuri. Binti akiitwa, huitika.

"Labeka," akasema Swabaha, ndani ya viganja vya mamake.

Hakusema tena. Yuko, yuwala, yuwatembea. Akiungua mafuta ya moto hatoi sauti. Khubaib akachoma kaseti zote, akafunga duka.

Mwaka uliofuata Jefwa akamletea nyingine. Ile ile ya Marekani, mpya, baharia mwingine.

"Hii haijaguswa na mtu, bwana. Tazama, nailoni ya kiwandani hiyo."

Khubaib alitaka kujua jambo moja tu: kama uchafu ule ulikuwa wa kaseti zake peke yake. Akairarua nailoni kwa meno. Wakasikiliza nyimbo zote kumi na sita. Safi. Khubaib akashusha pumzi, akanyoosha mkono kuizima.

Kaseti ikaendelea kuzunguka. Kukasikika mchele wachambuliwa.

"Kaka Khubaib," ikasema sauti ya Swabaha. "Nifungulie. Tumejaa."