Mkanda wa Mama na Chiriku

Asubuhi katika nyumba yao ilianza na birika la chai. Baba alibandika maji, mama alipiga pasi sare ya shule, na mtoto aliongea. Aliongea akivaa soksi. Aliongea akipiga mswaki, povu likimtoka mdomoni. Ndiyo maana wazazi wake walimwita Chiriku.

Waliishi ugenini, mbali na kwao, katika jengo refu lenye ngazi nyembamba. Baba alipakia mizigo ghalani. Mama alikuwa fundi cherehani katika karakana ya mabegi. Kazi yake ilikuwa kushona mikanda ya kubebea, na alikuwa hodari hasa. Mkanda alioushona yeye haukufumuka hata begi lijazwe mawe.

Lakini akitoka karakana, mama alikuwa mwoga. Alijua njia ya kazini, njia ya shuleni na njia ya dukani. Njia nyingine zote aliwaachia wenyeji. Wenyeji nao walipenda mambo ya nje. Siku za mapumziko walipanda vilima, walilala kwenye mahema, walipiga makasia ziwani. Mama aliwatazama kupitia dirishani wakipita na mizigo mgongoni.

"Hawa hawana kazi za nyumbani?" aliuliza.

"Wanazo," baba alijibu. "Ndizo wanazozikimbia."

Shule ya Chiriku ilipopeleka watoto kilimani, mama alisema mtoto ana mafua. Ilipowapeleka msituni, alisema mtoto anaumwa tumbo. Mtoto mwenyewe alikuwa mzima wa afya, anarukaruka kitandani.

Jioni moja mama alikuwa akipanda ngazi na kikapu cha nguo. Alimsikia Chiriku akizungumza na rafiki yake wa shule.

"Mbona hukuja msituni?" rafiki aliuliza.

"Mama anaogopa," Chiriku alijibu. "Mimi siogopi bado. Lakini nikiwa mkubwa nitaogopa pia."

Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayesema nikiwa mkubwa nitavaa viatu vikubwa. Mama alisimama pale pale ngazini. Maneno yale yalimchoma. Alikuwa akidhani anamlinda mwanawe, kumbe alikuwa akimrithisha woga.

Wiki ile ile shule ilitangaza siku ya wazazi ziwani. Kila mtoto angepanda mtumbwi wa watu wawili pamoja na mzazi wake. Baba alikuwa na zamu ghalani.

"Nitakwenda mimi," mama alisema.

Baba aliweka kikombe mezani. "Wewe? Majini?"

"Kwani mimi sina miguu?"

"Unayo, mke wangu. Ila majini miguu haikusaidii sana."

Chiriku alishangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Mama alicheka naye.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Mama hakujua kuogelea. Akikaa kwenye cherehani, aliona maji. Akifua, aliitazama ndoo na kuwaza: maji haya kidogo tu yanaweza kumzamisha mtu, sembuse ziwa? Aliwaza mtumbwi unapinduka, na mkono wa Chiriku unamponyoka. Chakula hakikupita.

Kisha akapata wazo. Aliomba kipande cha mkanda kilichobaki karakana, ule mkanda mnene wa mabegi makubwa. Aliukunja mara mbili akaushona kwa uzi wa nailoni. Aliuvuta kwa nguvu zake zote. Haukutikisika.

"Akianguka, nitamvuta," alijiambia. Usiku ule alipata usingizi.

Siku ya ziwa ilifika. Maji yalikuwa mapana, ya kijivu, na upepo mdogo uliyakunja juu juu. Mama aliyatazama mara moja tu.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, alimzungushia Chiriku mkanda kiunoni. Upande wa pili aliuzungusha kiunoni mwake mwenyewe. Hakuweka kifungo, kwa sababu vifungo hufunguka. Alitoa sindano akaushona mkanda pale pale, juu ya miili yao.

"Mama, mbona unanishona?"

"Uwe salama. Tulia nisikuchome. Na usimwambie mtu."

Chiriku alinyamaza. Kwa mtoto yule, hilo peke yake lilikuwa ishara mbaya.

Walivaa majaketi ya kuokoa maisha juu ya mkanda. Wakatoka wamegandana, na urefu aliouacha wa kukalia mtumbwini wameukunja chini ya jaketi la Chiriku.

Mwalimu wa mitumbwi alikuwa jirani yao wa ghorofa ya chini. Alikuwa anatoka pande za kwao, na jengo zima lilimwita Kasia, kwa sababu hakuwa na habari nyingine ila makasia. Alikuwa akimkagua kila mtu kabla hajaingia majini. Alishika jaketi la Chiriku mabegani akalivuta juu.

"Jaketi likipanda mpaka masikioni, limelegea," alisema. "Kaza kamba za ubavuni. Majini litakuvuka kichwani, ubaki..." Aliacha kusema. Vidole vyake vilikuwa vimegusa kitu. "Dada, hii ni nini?"

"Mkanda wangu."

"Wa kazi gani?"

"Mtoto akianguka, nimvute."

"Na ukianguka wewe, dada yangu?"

Mama aligeuka kuyatazama maji.

"Ufungue tafadhali."

"Haufunguki. Nimeushona."

Kasia alipumua taratibu. Hakumcheka. "Basi tuukate."

"Hapana!" Mama alimvuta Chiriku kwake. Wazazi wengine waligeuka. "Huyu ndiye mtoto wangu pekee. Wewe utakuwa wapi akizama? Usiniguse mkanda!"

"Sitaugusa," Kasia alisema. "Njoo uone kitu kwanza. Ukishaona, utaamua mwenyewe."

Alichukua madumu mawili matupu, kubwa na dogo, yaliyofungwa vifuniko. Aliyaunganisha kwa kamba yenye urefu kama wa mkanda ule. Akayaweka kwenye mtumbwi, moja mbele, jingine nyuma. Aliusukuma mtumbwi hadi maji yalipomfika kiunoni.

"Dumu hili kubwa ni wewe. Hili dogo ni Chiriku. Yote mawili yanaelea. Tazama."

Akaupindua mtumbwi. Dumu kubwa liliibuka upande wa huku, likacheza juu ya maji. Mama alilitafuta dogo. Halikuonekana.

"Liko wapi?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Sogea uone."

Mama alisogea, na Chiriku akasogea naye, maana hakuwa na namna nyingine. Maji yaliwafika magotini. Chini ya mtumbwi, dumu dogo lilikuwa likihangaika. Lilitaka kupanda juu. Kamba ilikuwa imenasa kwenye kiti, ikalizuia. Lilijigonga kwenye mtumbwi, likarudi, likajigonga tena.

"Lingekuwa peke yake, lingekuwa limeshatoka," Kasia alisema. "Jaketi linampandisha mtoto juu. Kinachomshikilia chini ni kamba. Tena wewe ukihangaika huku, kule unazidi kumkaza. Mtu hafungwi kwa mwenzake wala kwenye mtumbwi kama huu. Hata kidogo."

Mama alisikia mlio wa dumu chini ya mtumbwi. Ko. Ko. Aliuona mkanda wake, ule mkanda uliompatia usingizi, ukifanya kazi ile. Na alijua kazi ya mikono yake. Usingekatika.

"Nipe mkasi," alisema.

Mkanda ulikuwa mgumu, na alilazimika kuukata kidogo kidogo. Ulipoachia, Chiriku alirudi nyuma hatua moja. Mama alihisi baridi mahali pale ambapo mtoto alikuwa.

"Naogopa, Kasia," alisema. Alilia mbele za watu, wala hakujificha. "Siwezi kuogelea. Naogopa sana."

"Afadhali umesema. Anayesema naogopa, najua pa kuanzia naye. Anayeficha ndiye ananitia hofu mimi."

Hakuwapeleka mbali. Aliwafundisha kwanza pale pale, mahali ambapo mama aliweza kusimama.

"Tutapindua mtumbwi makusudi," alisema. "Baridi itawakata pumzi. Usipige kelele kwanza, pumua. Jaketi litakuinua. Shika mtumbwi, usiuache ukaenda kutafuta nchi kavu. Halafu mwite mwenzako. Mkiwa mbali, pigeni filimbi iliyo kwenye jaketi."

"Makusudi?" mama aliuliza. "Watu wazima, makusudi?"

"Makusudi, dada."

Walipanda. Chiriku mbele, mama nyuma. Kasia alihesabu, kisha akaupindua.

Maji yalimfunika mama. Yalimwingia puani na masikioni. Hakujua juu ni wapi wala chini ni wapi. Nakufa, aliwaza. Lakini kitu kilimshika mabegani kikampandisha. Lilikuwa jaketi. Kichwa kilitoka nje, na kifua kikakataa kuvuta hewa. Pumua, alijiambia. Akapumua. Akapapasa, akashika mtumbwi.

Chiriku hakuwapo.

Alitazama kushoto, akatazama kulia. Maji matupu. Hofu iliyomshika hapo hakuwahi kuijua maishani. Alitaka kuachia mtumbwi apige mbizi, yeye asiyejua hata kuelea.

"Mama!" Sauti ilitoka upande wa pili wa mtumbwi. "Niko huku! Usiachie! Umepumua?"

"Nimepumua," mama alijibu.

"Hata mimi! Tena maji yameniingia sikioni, tena kiatu kimetoka, tena nimeona samaki!"

Kasia alicheka. Mama naye alicheka, huku meno yakigongana kwa baridi.

Siku ile walipiga makasia kandokando tu ya ufuko, Kasia akiwa karibu. Upepo ulipozidi, alipuliza filimbi na wote wakarudi. "Upepo haubishaniwi," aliwaambia. "Ukikua, turudi. Ziwa litakuwapo kesho." Mama hakumbishia hata kidogo.

Baada ya hapo alianza kwenda kwenye bwawa la kuogelea, upande wa maji mafupi, pamoja na watoto wadogo na wazee. Alimburuta na baba. Wiki za mwanzo baba alielea kama gunia la misumari, na Chiriku akawasimulia majirani wote. Mama ndiye aliyetangulia kuogelea kutoka ukingo hadi ukingo.

Jumamosi moja ya jua, mama na Chiriku walirudi ziwani. Walimwambia baba wanakwenda wapi na watarudi lini. Walitazama upepo. Walivutana majaketi mabegani, hayakupanda. Kisha wakapiga makasia kuelekea matete ya ng'ambo, na safari hii wakapita mwisho wa gati, mahali ambapo mguu haufiki chini.

Maji yalibadilika rangi yakawa meusi. Mama aliona weusi ule chini yake, na woga ukamrudia kama zamani. Aliliinua kasia lake akalilaza magotini.

Chiriku aliacha kupiga kasia. Aligeuza kichwa.

"Mama, unaogopa?"

Mama angeweza kusema uongo. Alikuwa ameshasema wa mafua na wa tumbo.

"Naogopa, mwanangu."

"Sana?"

"Sana."

Chiriku aliitazama nchi kavu, halafu akamtazama mama yake. "Turudi?"

Mama alivuta pumzi. Upepo ulikuwa mdogo, na mbele yao matete yalionekana vizuri. Alitumbukiza kasia majini.

"Bado," alisema.