Mgonjwa Aliyebaki Kwenye Foleni

Jaribio lilikwisha alasiri, na mtu mmoja akakataa kutoka.

"Mtu" ni namna ya kusema tu. Kazi ya Bwana Mzigo, kama wenzake ofisini walivyomwita, ilikuwa kuitwisha mifumo ya kompyuta mzigo kabla wananchi hawajaitwisha. Alitunga programu inayojifanya maelfu ya watu, wote wanaingia kwa mpigo, wanabonyeza, wanasubiri, wanatoka, naye anatazama kama mfumo utachechemea au utaanguka. Safari hii ulikuwa mfumo wa hospitali uliofanywa upya, wa wagonjwa kuchukua namba ya foleni kwa simu. Maelfu yote yalitoka. Mmoja alibaki ukurasa wa kwanza, anasubiri.

Mzigo akamtoa, yule akarudi. Akaizima programu yenyewe, na yule akaendelea kusubiri, na kila baada ya kitambo akabonyeza pasipo pake, akarudi nyuma, akaanza upya. Watu bandia hawakosei. Huyu alikosea kama bibi aliyeazimwa simu.

"Nani anacheza na mashine yangu?" aliuliza, akijichekesha.

"Wenzako tunafunga mabegi, Mzigo," alijibu dada wa michoro, wa meza ya jirani. Kisha akanusa. "Kwani kuna mtu kajipaka dawa ya kuchua?"

Mzigo alikuwa ameisikia harufu hiyo kabla yake, ila alinyamaza. Alikuwa na sababu.

Mfumo ule ulikataa majina ya kubuni; ulitaka wagonjwa wenye namba za kweli. Njia ya halali ilikuwa kuiomba hospitali iwatengeneze wagonjwa bandia, na jambo hilo lingechukua muda, wakati bosi alitaka majibu jana. Mzigo alikuwa amepewa nakala ya kumbukumbu za zamani ili atazame mpangilio tu. Mle akakuta majina yenye alama ya "amefariki". Akayazoa yote bila kuyasoma. Wafu hawalalamiki, alijiambia, akajiona mjanja kweli. Basi kila mchana akawa anawaamsha, anawapanga foleni, anawasukuma mpaka mfumo unazidiwa na kuwafungia mlango, halafu anawarudisha mwanzo wa foleni.

Kesho yake mvua ilishika, na ofisi ikaingia giza mapema. Mzigo hakuwa amewasha jaribio lolote. Kikasikika kikohozi koridoni. Kisha kandambili zikiburuzwa, jozi moja, halafu nyingi, zikija na kusimama, zikija na kusimama, kama watu wanaosogea foleni. Kisha viti vya wageni pale ukutani, ambavyo havikuwa na mtu, vikaanza kulia kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikipokea uzito wake, na ile harufu ya dawa ya kuchua ikatambaa chini ya meza ikachanganyika na ya mashuka ya wodini, na kwenye kioo cha kompyuta mgonjwa yule akabonyeza, akakosea, akarudi, akabonyeza, mpaka mkono wa Mzigo ukaenda wenyewe kufungua jina lake, nalo likatokea mbele ya macho yake, jina la mama yake mzazi.

"Mzigo," dada wa michoro alinong'ona, miguu ameipandisha kitini, macho kwenye viti vya ukutani. "Wale ni kina nani?"

"Usiwaangalie."

"Mimi hata hawanioni. Wanakuangalia wewe."

Hofu ilimshika, lakini aibu ilitangulia kufika. Mwaka uliopita mama yake, mgonjwa na peke yake, alimpigia simu akiwa kwenye benchi la hospitali ile ile. "Kitinda," alisema, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba wake, "nimefika. Wanataka nijaze mambo kwenye simu. Nibonyeze wapi, mwanangu?" Mzigo alikuwa katikati ya jaribio. "Subiri kidogo, mama, niko kazini. Nitakupigia." Hakupiga. Walimkuta jioni pale pale kwenye benchi, kidevu kifuani, simu mkononi. Msibani watu walisema siku yake ilikuwa imefika, naye akaitikia pamoja nao.

Alikwenda kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba, ambaye alitibu watu wenye majini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sema yote. Mficha uchi hazai."

Akasema yote, macho sakafuni.

"Wifi yangu," shangazi alisema. "Umemfanya punda wa majaribio."

Mzigo alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Wafu hawajaja," shangazi akaendelea kwa sauti ya chini. "Wafu wamelala. Lakini jina likiitwa na mwenyewe hayupo, yupo wa kuitikia. Majini yanatafuta majina ya watu, na wewe umeyagawia bure. Kayafute. Ukaseme ulichofanya mbele ya wenzako, maana yanajificha penye siri. Na baada ya hapo, jini likikuita kwa sauti yoyote ile, usiitike. Ukiitika umelikaribisha mwenyewe, na mimi sitaweza kulitoa."

Mzigo akasema yote mbele ya ofisi nzima. Bosi, mama mmoja asiyekaukiwa na utani, alivua miwani.

"Baba yangu alifia hospitali ile," alisema. "Naye ulimpanga foleni?"

Mzigo hakujua. Hakuwa ameyasoma majina. Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

Akayafuta mbele yao, huku shangazi akifukiza kila kona na kusoma dua. Viti vikalia kimoja kimoja, vikiachwa. Kandambili zikaburuzwa hadi ngazini, zikashuka, zikaisha. Bosi akamwambia Mzigo aende nyumbani mpaka atakapoitwa.

Magharibi ilimkuta jikoni kwake, amekaa. Simu ikaita, bila namba. Akaipokea kwa mazoea, akaiweka sikioni kabla ya kufikiri, na harufu ya dawa ya kuchua ikajaa chumba.

"Kitinda, nimefika. Nibonyeze wapi, mwanangu?"

Alijua si mama yake. Alijua kama anavyojua jina lake, na maneno ya shangazi alikuwa nayo yote kichwani, neno kwa neno, akaubana mdomo, akaubana na mkono, naye yule wa upande wa pili hakumkemea wala hakumtisha, alipumua tu polepole, kifua kikikwaruza, huku nyuma yake mtu akiita namba za wengine, mpaka mwishowe akasema, kwa upole uleule:

"Kama una kazi, mwanangu, basi. Nitasubiri."

"Hapana, mama," Mzigo alisema, akilia. "Sina kazi. Niko hapa."

Simu ikakatika. Upande wa pili wa meza, kiti kikalia taratibu, kikipokea uzito.